Siku moja na bakuli la Wangari

Saa 12 asubuhi nafungua banda letu la kuchonga hapa Changamwe, Mombasa. Kabla ya kushika tezo nafukua mabakuli yaliyolala ndani ya maranda. Mwembe mbichi huchongwa ukaachwa mnene, kama vidole viwili hivi, kisha ukazikwa ukauke polepole kwa wiki kadhaa. Ukianikwa juani unapasuka mchana huohuo. Nayanyanyua moja moja kwa mkono. Yaliyokuwa mepesi yanatoka, mengine narudisha.

Saa 1 hadi saa 3 ni tezo tu.

Saa 3 nakaa na bakuli ninalolipenda kuliko yote, linaloitwa Wangari. Jina nalichoma kwenye kitako kwa chuma cha moto, na ukingoni nakata alama 7. Tarehe 5 Juni 1977 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miti 7 pale Kamukunji, Nairobi, na huo ndio ukawa mwanzo wa Green Belt, harakati yake ya kupanda miti. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Nobeli ya Amani, miti ilikuwa imepita milioni 30. Kukata alama hizo ni kazi ya kushikilia pumzi, maana ukingo ni mwembamba na patasi ikiteleza, kazi ya wiki nzima inakuwa kuni.

Saa 4 akaingia mteja. Mtu mzima, kavaa vizuri, anatafuta zawadi ya binti yake anayemaliza chuo. Nikamwambia hili ni bakuli la mwanasayansi. Akaligeuza, akasoma jina, akaliweka chini.

“Fundi, huyu mama si alikataa kuzikwa kwenye jeneza la mbao? Nawe unamkatia mti!”

Ni kweli. Alipofariki mwaka 2011 mwili wake ulilazwa kwenye jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kutaka kwake mwenyewe, kisha ukachomwa. Nilimwambia, mzee wangu, nalijua hilo, na ndiyo sababu sichongi muhugu wala mpingo. Wazee waliotufundisha walichonga miti hiyo mpaka ikawa ya kutafutwa mbali, nasi tukageukia mwembe, mwarobaini na jakaranda. Mwembe huu ulikuwa shambani kwa mtu, umezeeka, umeacha kuzaa, ulikuwa unangoja kuchomwa makaa. Na mama huyo hakuwakataza watu kutumia miti. Akina mama aliowahimiza walipanda ili wapate kuni, matunda na boriti karibu na nyumbani. Ugomvi wake ulikuwa na wanaonyakua misitu kama Karura wa Nairobi.

Akanyamaza kidogo. Nikadhani tumeelewana.

“Lakini umeniambia ni bakuli la mwanasayansi. Wangari alikuwa mwanasiasa.”

Hapo ndipo niliposhusha patasi, maana neno hili nalisikia kila mara na linaniuma. Nikamhesabia. Shahada ya biolojia Kansas, Marekani, mwaka 1964. Ya pili Pittsburgh, mwaka 1966. Mwaka 1971 akapata uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo, kisha akafundisha anatomia ya mifugo chuoni hapohapo. Hata hiyo miti ilitokana na utafiti: alikuwa akikusanya kupe ili kuchunguza ndigana ya ng'ombe, akaona mito imejaa matope na ng'ombe wamekonda kwa kukosa nyasi. Mtu asiyezoea kuchunguza angechukua kupe wake akaondoka.

Mteja akaitazama simu yake. Akauliza bei. Nikamtajia. Akataka nusu. Nikamweleza juu ya wiki za kukausha, juu ya mama anayelipiga msasa, juu ya mgongo wangu. Akasema sokoni kuna mabakuli ya plastiki yasiyopasuka. Akatoka, akarudi, akauliza kama naweza kuondoa jina nikachonga twiga. Nikakataa. Akatoka tena. Ilikuwa imepita saa 7, chai yangu imepoa na alama ya tano bado sijaianza.

Mchana huo joto la bati lilishuka mabegani. Vumbi la mwarobaini, chungu hata kwenye mate, lilikuwa linatoka kwa jirani na kila mtu anakohoa. Nilikata alama mbili zilizobaki baada ya ile ya tano nikiwa nimeegemea nguzo, kwa sababu miguu ilishakataa. Sijui saa ngapi. Mama wa msasa akalichukua: namba 80, 120, kisha 240, mpaka lilipoteleza kiganjani. Tukalipaka mafuta ya nazi. Vinyago hung'arishwa kwa rangi ya viatu, ila hili litawekwa chakula. Mafuta yalipoingia, mistari ya mwembe ikatokea, ya manjano na kahawia, na tulilizungusha mikononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya kufunga akapita dada mmoja anayefanya kazi maabara. Alilinunua bila kubishana, akazihesabu zile alama kwa kidole. Kisha akauliza kwa nini hakuna bakuli la Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyeanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, jijini Nairobi mwaka 1970.

Pembeni ya banda kuna gogo la mwembe lililotobolewa na dumuzi, lile ambalo wenzangu wameshalihesabu kuwa kuni. Nimelivuta ndani. Kesho nitalipasua nione njia za wale wadudu zimepita wapi, na kama ukingo utashika.