Marmota na Kivuli Chake

"Baba, yule mnyama akiona kivuli chake anaogopa nini?" Swali la mwanangu juzi limenirudisha kilima cha Gobbler's Knob, nje kidogo ya mji wa Punxsutawney, Pennsylvania, Marekani, alfajiri ya Februari 2, 2019. Mnyama mwenyewe ni Phil, marmota, yaani mgugunaji anayechimba mashimo. Mila ya huko husema akiona kivuli chake siku hiyo, baridi itaendelea wiki sita; asipokiona, majira ya kuchipua yako karibu.

Tuliingia geti lilipofunguliwa saa tisa usiku. Jua huko halichomozi hadi karibu saa moja na nusu. Usivae soksi za pamba. Hushika jasho, na ukisimama muda mrefu kwenye theluji vidole hufa ganzi. Za sufu ndizo.

Kulipopambazuka, wanaume wenye suti nyeusi na kofia ndefu walibisha kwenye kijimlango cha kisiki. Mmoja wao, mikononi glavu nene, akamtoa Phil na kumwinua juu. Marmota ni mnene kuliko anavyoonekana pichani: manyoya ya kahawia yenye ncha za kijivu, meno ya mbele meupe, miguu mifupi, kucha za kuchimbia. Wakamweka juu ya kisiki, kiongozi wao akamwinamia, fimbo mkononi. Kisha ikasomwa hati moja kati ya mbili zilizoandaliwa: kivuli hakikuonekana, majira ya kuchipua yako karibu. Vifijo vikarindima kilima kizima.

Desturi hii ililetwa na wahamiaji Wajerumani. Februari 2 ni Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya kubariki mishumaa. Kwao anga likiwa jeupe siku hiyo, bila mawingu, baridi bado ndefu. Ulaya walimtazama mnyama mchimbaji wa ukoo wa nyegere. Marekani wakamkuta marmota. Na anga jeupe lina maana yake: mawingu hufunika ardhi kama blanketi, yakiondoka joto hupotea usiku. Ila hilo linahusu baridi ya leo, si ya wiki sita zijazo.

Kwetu, kumbikumbi wakiruka, mkulima anajua udongo umelowa. Ishara ile ninaiamini. Hii ya kivuli bado sijui niiweke wapi, maana wakati ule Phil aliishi kwenye shimo lenye joto katika maktaba ya mji, wala hakulala usingizi wa msimu. Marmota wa porini hulala, moyo ukishuka hadi mapigo kama matano kwa dakika. Dume huamka Februari, akapitia mashimo ya majike kujua nani yuko wapi, kisha hurudi kulala hadi Machi, wakati wa kupandana.