Kusafisha negativu za rangi kwa kutoa na kugawa

Mama mkubwa alipofunga studio yake ya picha hapa Tanga alinikabidhi negativu zote, yaani filamu ambazo mwanga unaonekana giza na giza linaonekana mwanga, ziko kwenye bahasha zenye majina ya wateja. Nazipitisha kwenye skana, na watu huniuliza natumia programu gani kuzigeuza ziwe picha. Natumia hesabu ya shule ya msingi, na ningependa kila mwenye bahasha kama hizi kabatini aijue.

Kila pikseli, yaani kitone kimoja cha picha, ni namba tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Kwa negativu ya nyeusi na nyeupe, toa namba kwenye 255, basi: 30 inakuwa 225 na sura zinajitokeza.

Za rangi ndizo zenye kazi. Filamu yake ina rangi ya machungwa, iliyowekwa makusudi kiwandani kurekebisha kasoro za rangi za filamu yenyewe. Ukigeuza kwa 255 peke yake, machungwa yale yanakuwa buluu na kufunika picha nzima. Kwenye picha ya harusi niliyonayo mezani sasa, kanzu ya bwana harusi inasomeka 106, 60, 40. Igeuze hivyo upate 149, 195, 215, kanzu ya samawati! Huyo bwana harusi namfahamu, ni jirani yetu, na kanzu yake ilikuwa nyeupe.

Kwa hiyo soma kwanza ukingo wa filamu, karibu na matundu, pasipopigwa mwanga. Hapo ndipo patakuwa peusi. Mkanda huu unasoma 214, 138, 96. Kisha tafuta sehemu nzito, yaani yenye giza kuliko zote kwenye negativu, itakayokuwa nyeupe. Hapa ni ukuta uliopigwa jua, 70, 34, 22. Itafute kwa macho, maana kompyuta itaokota punje ya vumbi, ambayo huzuia mwanga wa skana, na weupe wako wote utatoka kijivu.

Sasa kila rangi ihesabiwe peke yake. Nyekundu ya kanzu: 214 − 106 ni 108. Kutoka ukingo hadi ukutani, 214 − 70, ni 144. Gawa 108 kwa 144 upate 0.75, zidisha kwa 255, ni 191. Kijani nayo inatoka 191, buluu 193. Zimelingana karibu sawa, na hiyo ndiyo kanzu nyeupe iliyosimama kivulini. Umegeuza na kutanua kwa mpigo mmoja.

Wanaoijua filamu kwa undani watadai logarithimu, na wana haki, lakini kwa picha za familia mstari huu ulionyooka unatosha kuanzia.

Ukiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, badili namba ziwe desimali kabla ya kutoa. Namba za biti 8, yaani hizi za 0 hadi 255, hazijui hasi: 214 − 218 inakuwa 252, na vitone vyeupe vinatapakaa gizani. Ukimaliza, kilicho chini ya 0 kiwe 0, kilichozidi 255 kiwe 255.

Na kama skana yako ina biti 16, yaani namba za 0 hadi 65,535 kwa kila rangi, tumia hizo. Buluu ya mkanda huu ina nafasi ya hatua 74 tu, kutoka 22 hadi 96. Ukizitanua zijaze 255 zinaacha mapengo, na ngozi za watu zinatoka na mabaka. Kwa biti 16, nafasi ileile ina hatua 19,018.