Asiumie nani?

Swali la Shangazi limenikaa rohoni tangu Jumamosi. Wiki yenyewe ilikuwa na mengi, Dada kavishwa pete na ofisini tumeletewa mkuu mpya, lakini hilo swali ndilo ninalolala nalo.

Tulikuwa tunaangalia Ida, filamu ya Paweł Pawlikowski ya mwaka 2013. Picha nyeusi na nyeupe tupu, na haifiki hata saa moja na nusu. Ni Poland ya mwaka 1962. Binti aliyelelewa na masista yu karibu kuweka nadhiri, mama mkuu anamwambia akamwone kwanza shangazi yake, ndugu pekee aliyebaki hai. Huyo shangazi, Wanda, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali, hamzungushi. Anamwambia jina lake halisi ni Ida, na kwamba wazazi wake walikuwa Wayahudi.

Nikasema, "Labda masista walinyamaza ili asiumie."

Shangazi hakunigeukia. "Asiumie nani?"

Basi. Akanyoosha mtandio wake, akaendelea kutazama.

Mnaofuatilia tangu ile barua ilipoonekana kabatini mnajua kwa nini nilikauka pale. Shangazi alijua tangu nikiwa mchanga kwamba Baba aliyenilea siye aliyenizaa. Alijua, akanibeba, akanisuka nywele, na hakusema. Kwa hiyo nilisikia kofi. Wewe, kati ya watu wote, ndiye wa kuniuliza hivyo? Jumapili nilimpikia majibu kichwani, moja kali kuliko jingine. Sikumtumia hata moja.

Jumatano usiku nikairudia filamu peke yangu, na ile sehemu ya msituni ikanishika kuliko mara ya kwanza. Mwanakijiji aliyekalia nyumba ya wazazi wa Ida anafukua mifupa yao. Ida anamuuliza kwa nini yeye hayumo shimoni. Anajibiwa kwamba alikuwa mdogo mno, hakuna ambaye angemtambua kuwa Myahudi, ndiyo maana akapelekwa kwa padri. Mvulana waliyekuwa wakijificha naye alikuwa mweusi wa nywele tena ametahiriwa, hakuponea. Na yule mvulana ni mtoto wa Wanda! Wanda alimwachia dada yake, mama yake Ida, mwanawe, akaenda vitani. Safari nzima anamsaidia Ida kutafuta makaburi, kumbe na yeye ana wake humo, na hajalitamka.

Nilisimamisha picha nikalia, kilio cha kushusha mzigo. Maana nililisikia upya lile swali, kwa sauti ile ile ya chini, na sasa naamini Shangazi hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anajiuliza mwenyewe, mbele yangu, kwa mara ya kwanza. Miaka yote nimengoja mtu mzima mmoja wa ukoo wetu akiri kwamba ukimya ule uliwakinga wao, si mimi. Huenda ndilo alilolisema, kwa maneno mawili tu. Nimefurahi kiasi kwamba naogopa kumpigia, asije akalikanusha.

Nitampigia hata hivyo. Ila si kesho, maana kesho Mama anafanyiwa upasuaji wa jicho la pili, na la kwanza bado linamtoa machozi kila akitoka juani. Daktari anasema ni kawaida. Mimi sijaridhika.