Siku moja maishani mwangu: franka 500 zilizozidi

Saa 11 alfajiri. Naamka mtaani Katuba, na jambo la kwanza ni kuangalia kama umeme umerudi. Umerudi. Nachomeka kompyuta hata kabla ya kuwasha makala ya kupikia, maana leo nafunga hesabu za miezi mitatu.

Mimi ni mhasibu wa umoja wa akina mama wauzaji wa sokoni hapa Lubumbashi. Tuna vikundi 14, kila kimoja na sanduku lake la kufuli tatu, na funguo ziko kwa mama watatu tofauti. Tangu mwaka jana tunapata ruzuku ndogo ya kuimarisha shirika. Ni pesa ya serikali ya nje, inatufikia kupitia shirika kubwa kuliko letu. Majirani huniuliza: mmejenga nini? Hatujajenga kitu. Tumenunua kabati la chuma na vitabu vya hesabu, tukalipia mafunzo ya wanachama. Kwangu mimi hakuna pesa iliyowahi kututumikia vizuri kama hii.

Saa 2 asubuhi. Biro yetu ni chumba kimoja karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Ndani ya kabati, faili la kwanza ni la usajili. Mashirika yasiyo ya faida hapa Kongo yanaongozwa na Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na hadhi ya kisheria hutolewa na waziri wa sheria. Kila mfadhili anaanza kwa kuuliza faili hilo.

Saa 4. Tunahesabu sanduku la umoja na mama mhazini. Kitabu kinasema 312.000, mkononi tuna 312.500. Tunarudia. Zimezidi 500.

“Mungu ametuongezea,” anasema mama mhazini.

Mimi sina amani. Pesa ikizidi, kuna mtu mahali fulani ambaye hakupata haki yake.

Tunamwaga karatasi zote mezani. Sokoni hakuna anayekupa risiti, kwa hiyo kila tukitoa pesa tunaandika karatasi yetu: jina, tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kisha sahihi ao dole gumba lililochovywa wino. Nyingi zimechanwa kwenye daftari za shule. Moja bado ina gamba la samaki. Kanuni za ruzuku za Marekani zinataka ushahidi kama huu utunzwe miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho. Sisi tumeamua iwe 5.

Saa 6 mchana. Nimeipata. Orodha ya nauli za mafunzo, mama 23, kila mmoja 5.000. Mbele ya jina moja hakuna sahihi. Nabeba karatasi naingia sokoni.

“Jambo, mama.”

“Jambo, mwanangu. Umekuja kununua nyanya ao kuandika?”

Anafuta mikono kwenye kitenge, anaishika karatasi mbali na macho, anafuata tarakimu kwa kidole, moja moja.

“Hapa mumeandika elfu tano. Mimi nilipata elfu ine na mia tano. Mama mhazini hakukuwa na chenji, akasema atanipa kesho yake. Nilikataa kuweka sahihi, na leo pia nakataa.”

Nilitamani kumkumbatia palepale kati ya vikapu. Miaka miwili iliyopita mama huyu alikuwa akiweka dole gumba popote ulipomwonyesha.

Saa 8. Nakwenda kwenye chumba cha intaneti. Tunataka siku moja tuombe ruzuku ya Marekani moja kwa moja, na kwa hilo shirika linahitaji namba ya utambulisho inayoitwa UEI, yenye herufi na tarakimu 12, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, tarehe 4 Aprili 2022. Kuipata ni bure kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani, na usajili wa hapo unafanywa upya kila mwaka. Kijana wa meza ya jirani anatoza watu dola 50 kwa kazi hiyo. Ndugu zangu wa mashirika madogo, msimlipe mtu.

Saa 10. Kikao cha kamati. Papa mshauri wetu anataka salio linunue viti vya plastiki. Anasema pesa ya mafunzo haionekani, na kwamba tungedai pesa kwa kampuni za migodi. Namjibu kwa heshima. Ni kweli, sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inatenga asilimia 0,3 ya mauzo ya kampuni kwa miradi ya jamii zinazoguswa na mgodi. Lakini kwenye meza ya kuamua miradi hiyo, kikundi kisichojua kuandika muhtasari wa kikao kitasemewa na wengine. Marekani wenyewe mwaka 2002 walianzisha Compassion Capital Fund, serikali ikawapa mashirika makubwa pesa ili wafunze madogo kujiongoza. Kisha nikawasimulia ya mama wa nyanya. Papa akanyamaza kidogo, akauliza mafunzo mengine yatakuwa lini. Viti vimeahirishwa.

Saa 1 usiku. Nyumbani, bukari na sombe. Watoto wakilala nafungua kitabu, naandika kwa wino mwekundu: “500, deni la nauli, kulipwa kesho.” Mama wa nyanya amesema nifike saa 12 asubuhi, kabla ya wateja, na ataweka sahihi pesa ikiwa mkononi mwake.