Kitufe cha kuzungusha

Gemu yetu ya kwanza dada aliituma kutoka Dar, ikaja na jirani aliyekuwa anarudi Kigoma kwa treni. Ilikuwa ile ya Brick Game, ya kijivu, ya betri mbili: vitufe vidogo vya kuelekeza viko kushoto, kitufe kikubwa cha kuzungusha kiko kulia. Mchezo uliotuteka ni ule wa kupanga matofali, ambao Alexey Pajitnov aliutengeneza Moscow mwaka 1984. Jina la mchezo, Tetris, hatukulijua. Tulijua kwamba mstari ukijaa unakatika, na matofali yakifika juu umekufa, mpishe mwenzako.

Kilichoiharibu ni mawese. Nyumbani migebuka iliungwa kwa mawese, na mdogo wangu hakuwa na subira ya kumaliza kula. Tonge, gemu, tonge, gemu. Dole gumba la mkono wa kulia, lile lile la kumegea ugali, ndilo lililobonyeza kitufe kikubwa. Vumbi la mtaani Mwanga likaja kunasa kwenye mafuta.

Kitufe kikaanza kusikia kwa kuchagua. Ukikibonyeza kawaida, kimya. Ukikikandamiza kwa nguvu, tofali linageuka mara mbili kwa mpigo, yaani lile refu lililonyooka linarudi pale pale lilipokuwa. Aliyewahi kuucheza mchezo ule anajua uchungu wake: umeacha shimo refu pembeni kwa makusudi, umeisubiri fimbo ndefu, halafu inashuka imelala na huwezi kuisimamisha. Wakubwa walisema betri zimeisha. Tukazianika juani, kama ilivyokuwa desturi. Wapi.

Mama akanipa shilingi 500, akanituma kwa fundi redio mmoja karibu na soko la Mwanga.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Nani anakula mawese juu ya mashine?"

Alikuwa hajaifungua bado. Aliona rangi ya chungwa imejaa kwenye ukingo wa kitufe.

Akafungua skrubu kwa bisibisi ya nyota, akainyanyua bodi taratibu, nyaya za betri zikiwa bado zimeshika. Chini ya vitufe kulikuwa na raba moja laini, na mgongoni mwa kila kitufe raba ina doa jeusi. Kwenye bodi, mahali doa linapotua, kuna njia mbili za umeme zilizoingiliana kama vitana viwili vilivyokutanishwa meno, bila kugusana. Akawasha gemu, akaniambia nitazame kioo. Akagusisha ncha ya bisibisi kwenye zile njia. Tofali likageuka.

"Umeona? Bodi nzima hii. Doa hilo ni kaboni, ndilo linalopitisha umeme ukibonyeza. La kwako limefunikwa na mafuta, tena limelika."

Nilimwomba arudie. Akarudia, na tofali likageuka tena bila kitufe chochote. Mpaka leo sijaona somo la umeme lililonikaa kichwani kuliko lile. Rimoti nyingi za televisheni na vikokotoo vina raba ya namna ile ile, na vijiti vya kuongozea vya gemu nyingi za siku hizi vinaugua ugonjwa wa ukoo huo huo: ndani mna njia ya kaboni inayosuguliwa kila unapokisukuma kijiti, ikilika mchezaji anatembea mwenyewe kwenye kioo hujamgusa. Ndiyo maana vipo vijiti vinavyotumia sumaku na sensa zisizosuguana. Watu wanatupa mashine nzima kwa tatizo la sehemu ndogo namna hiyo, na inaniuma.

Fundi akasafisha bodi kwa pamba na spiriti, akaiosha raba kwa sabuni, akaifuta mpaka ikakauka. Lile doa lililolika akalitibu kwa karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara: akakata kipande cha mviringo, akakibandika kwa gundi, upande wa bati ukitazama bodi. Akanizuia kugusa mpaka gundi ishike. Nilikaa pale kwenye benchi muda mrefu, nikimwangalia akihamia kwenye redio ya mtu mwingine.

Jioni ile kitufe kilisikia kwa kuguswa tu. Mama akaweka sheria kwamba aliyekula hashiki gemu mpaka aoshe mikono kwa sabuni, na yeye mama aonyeshwe viganja, na mdogo wangu ndiye aliyekaguliwa kila siku.