Ziwa Tanganyika si njia tu ya kwenda kwa sokwe

Wageni wengi wanaofika Kigoma wanalipita ziwa. Wanapanda boti kwenda hifadhi za Gombe au Mahale, wanapiga picha sokwe, wanageuza. Sokwe nawapenda, na kazi ya kuwachunguza aliyoianza mtafiti Jane Goodall pale Gombe mwaka 1960 imeutangaza mkoa wetu. Lakini inaniuma mtu anapovuka ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, mita zipatazo 1,470, bila hata kuuliza humo ndani kuna nini.

Kuna samaki wa miambani wa kila rangi, aina zaidi ya 200, na wengi wao hawapatikani popote pengine. Maji ni maangavu, hata miwani ya kuogelea tu inakutosha kuwaona (waulize wenyeji kwanza ni ufuko upi hauna mamba). Wapo wadogo wanaoishi na kutaga ndani ya magamba matupu ya konokono. Wapo majike wanaoatamia mayai mdomoni. Ulaya na Marekani watu wanawafuga hawahawa sebuleni kwenye matangi ya kioo, na huku kwetu kuna vijana waliokulia ufukweni ambao hakuna aliyewahi kuwaonyesha samaki hao. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Halafu uvuvi. Mama yangu alitusomesha kwa kuanika dagaa kwenye mwalo wa Katonga, kwa hiyo mtu akiita dagaa "chakula cha shida" huwa simwachi aendelee. Vipe, yaani boti za kuvulia dagaa, vinatoka jioni, taa zinawashwa katikati ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, maana taa haivuti tena. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nyumbani tulibana matumizi kwelikweli, lakini naunga mkono: samaki walikuwa wanapungua, na bila wao Kigoma haina kitoweo wala biashara.

Basi ukipanga safari, angalia mwezi kabla ya kukata tiketi. Njoo siku za giza, upande mlimani usiku uone taa za wavuvi zilivyotanda. Asubuhi shuka kwenye mwalo wa Kibirizi, ukale samaki aina ya mgebuka wa mawese. Na dagaa wa kubeba nyumbani, chukua waliokaushwa juu ya chanja, si waliomwagwa mchangani.