Gramu 20 za Chokoleti

Mara ya kwanza niliposoma 1984, riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka 1949, nilikuwa na haraka ya kufika kwenye mateso, kwa hiyo nilipita bila kusita mahali ambapo sasa napaona kuwa ndipo penye moyo wa kitabu kizima. Winston Smith ameketi kwenye kantini ya wizara anakofanya kazi. Skrini ya ukutani inatangaza kwa shangwe kwamba watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, mtawala wa nchi, kwa kuongeza mgao wa chokoleti hadi gramu 20 kwa wiki. Jana tu ilitangazwa kwamba mgao huo unapunguzwa hadi gramu 20. Winston anawatazama walio karibu naye akitafuta hata uso mmoja ulioshtuka, asiuone: Parsons ameumeza uongo huo kwa wepesi wa mnyama, na Syme, ambaye ana akili nyingi, ameumeza pia, ila kwa njia ya kuzungukazunguka. Winston anabaki kujiuliza kama ni yeye peke yake mwenye kumbukumbu.

Tangu niliporudi kwenye ukurasa huo nimekuwa nikizipima kwa kipimo hicho riwaya za distopia, yaani zile zinazosimulia jamii inayojiita pepo ilhali wakazi wake wanaungua. Anayezisoma ili ahesabu mwandishi alibashiri nini na alikosea wapi anazigeuza ramli, na ramli huchakaa upesi. Mimi hutafuta pale ambapo mtu wa kawaida anaanza kulizoea jambo ambalo halikupaswa kuzoeleka.

Kwa kipimo hicho, ningemshauri msomaji aanze na Sisi ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, iliyoandikwa kati ya mwaka 1920 na 1921, ikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1924, na ambayo wasomaji wa Umoja wa Kisovyeti hawakuruhusiwa kuiona ikichapishwa kwao hadi mwaka 1988. Watu humo hawana majina, wana namba. Nyumba zao ni za kioo kuanzia sakafu hadi dari, na pazia hushushwa kwa saa chache tu, kwa yule aliye na tiketi ya waridi inayomruhusu kukutana na mpenzi aliyeandikishwa. Msimulizi, D-503, ni mhandisi anayejenga chombo cha kwenda angani, naye anaandika shajara ili kuisifu Dola Moja. Uzuri wa kitabu uko katika jinsi sifa hizo zinavyomponyoka mikononi. Anakumbuka kwamba alipokuwa mwanafunzi alilia na kupiga meza kwa ngumi akitaka aondolewe kipeuo cha pili cha hasi moja, kwa sababu namba hiyo haikukubali kuingia katika ulimwengu wake ulionyooka; anapompenda I-330, kipeuo kile kinarudi kumsumbua. Zamyatin mwenyewe alikuwa mhandisi wa meli, na hilo linaonekana: mtu asiyependa hesabu asingeweza kuandika hofu ya namna hiyo. Mwanzo wake ni mgumu, sentensi zake hukatikakatika, lakini vumilia.

Brave New World ya Aldous Huxley, ya mwaka 1932, naiheshimu kuliko ninavyoipenda. Wahusika wake wengi ni vikaragosi vya kubebea hoja, ingawa hoja yenyewe ni nzito: hakuna haja ya kumtesa mtu aliyefundishwa usingizini kuipenda hali yake na kupewa vidonge vya dawa ya kuliwaza iitwayo soma kila anapoona huzuni inakaribia. Ukiona unachoka, usiache kabla ya mazungumzo kati ya John, kijana aliyekulia nje ya jamii hiyo, na Mustapha Mond, mmoja wa watawala wake, karibu na mwisho, ambako John anadai haki yake ya kukosa furaha.

Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, ya mwaka 1953, hutajwa zaidi kwa vitabu vinavyochomwa moto, lakini kilichonikaa mimi ni chumba cha kulala. Mildred, mke wa Montag, mhusika mkuu ambaye kazi yake ni kuvichoma vitabu hivyo, hulala na vipokea sauti vidogo masikioni, na amevivaa kwa miaka mingi hata amekuwa hodari wa kusoma midomo ya mumewe. Montag anamuuliza walikutana wapi mara ya kwanza. Hakuna kati yao anayekumbuka. Baadaye mkuu wake wa kazi, Beatty, anamweleza kwamba mambo hayakuanza kwa amri ya serikali: watu wenyewe ndio walioacha kusoma.

The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, ya mwaka 1985, ina tukio lililo sawa na lile la chokoleti. Asubuhi moja kadi ya benki ya msimulizi inakataliwa dukani. Kabla ya jioni amefukuzwa kazi pamoja na wanawake wenzake, na fedha zao zimewekwa mikononi mwa waume. Mumewe, Luke, anambembeleza na kumwahidi kwamba atamtunza. Anayasema kwa upendo, na mkewe anaanza kushuku kwamba jambo lile halimkeri. Atwood ameeleza kwamba hakuweka humo jambo ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani.

Kisichojulikana sana ni Kallocain ya Msweden Karin Boye, cha mwaka 1940, kilichotangulia kile cha Orwell kwa miaka tisa. Leo Kall ni mkemia anayegundua dawa inayomfanya mtu aseme yote yaliyomo moyoni, akaikabidhi kwa dola akijivuna kama mwanafunzi aliyepata alama za juu. Kisha, kwa wivu, anamdunga sindano hiyo mke wake, Linda. Nikitakiwa kuazima kimoja tu kati ya hivi leo usiku, ningechukua hicho, nianzie pale Linda anapofungua mdomo.